Akaenda Zake kwa Muda: Shajara ya Safari ya Yordani, Yeriko na Yerusalemu

Jumapili usiku, Yerusalemu

Tumefika tumechoka. Mchungaji mstaafu anayetuongoza amekataa ratiba ya mahujaji wengi, ile ya Bethlehemu leo na Galilaya kesho. Yeye kachagua jambo moja tu: tutapita mahali ambapo Maandiko au mapokeo ya kanisa yanasema mtu alijaribiwa, tusome hapohapo, basi. Galilaya hatukanyagi. Wapo walionung'unika, maana mashua ya ziwani imewaponyoka. Mimi nimenyamaza, ila nami nilikuwa nimeitamani.

Jumatatu, Yordani

Barabara ya kwenda Yeriko inateremka tangu mwanzo hadi mwisho. Yerusalemu uko mita 750 hivi juu ya usawa wa bahari. Kule mtoni unakuwa chini ya usawa huo kwa karibu mita 400, na masikio yanakuambia kabla hujasoma kibao. Kijani kinaisha ghafla. Baada ya kilima kimoja tu hakuna mti, ni vilima vya rangi ya vumbi vilivyokunjamana hadi macho yanapoishia. Hilo ndilo jangwa la Yuda. Sikutegemea kwamba liko karibu na mji kiasi hicho.

Qasr al-Yahud, mahali panapotajwa na mapokeo kuwa pa ubatizo wa Bwana, palifunguliwa kwa watu wote mwaka 2011. Kabla ya hapo, kwa miongo mingi, lilikuwa eneo la kijeshi, na mashamba ya mabomu ya ardhini yalikuwa pande zote mbili za njia. Mto wenyewe ni mwembamba na maji yake ni ya tope. Mengi huvutwa juu huko kwa kilimo kabla hayajafika hapa. Ng'ambo, hatua chache tu, ni nchi ya Yordani, na mahujaji wa upande ule wanaingia majini wakiwa na kanzu nyeupe kama wetu. Mpaka unapita katikati ya mto, na askari wanatazamana.

Mchungaji alitusomea mwisho wa Mathayo 3 na kuunganisha na mwanzo wa sura ya 4 bila kupumua. Makusudi. Sauti kutoka mbinguni inasema, "Huyu ni Mwanangu, mpendwa wangu, ninayependezwa naye." Mistari michache mbele mjaribu anaanza hivi: "Ukiwa ndiwe Mwana wa Mungu..." Neno lilelile, mwana, maji yakiwa hayajakauka mwilini. Na aliyempeleka nyikani, Mathayo anasema wazi, ni Roho. Hilo nimelisoma mara nyingi bila kulisikia. Tunapenda kudhani kwamba anayejaribiwa ni aliyetoka njiani, kwamba ungeomba zaidi usingepatwa. Huyu hapa alikuwa njiani barabara.

Mama mmoja wa kwaya aliuliza kama basi kuna faida gani kubatizwa. Mchungaji akacheka, akamwambia, "Mama, mwizi haendi kwenye nyumba tupu."

Tukiwa bado ukingoni simu ikaita. Ujumbe kutoka kwa kijana ninayefanya naye kazi: "Kaka, shikamoo. Samahani kwa kukusumbua safarini. Nimekutumia hati ya kupokea vifaa. Mwaka wa fedha unafungwa Ijumaa. Mzigo utaingia wiki ijayo bila shaka, ila tunahitaji sahihi yako wiki hii." Nikaweka simu mfukoni. Sikujibu.

Jumanne, Yeriko

Kumbukumbu la Torati 34 inauita mji wa mitende, na mitende ipo bado. Upo kama mita 250 chini ya usawa wa bahari, na watu wameishi hapa tangu maelfu ya miaka kabla ya Ibrahimu. Magofu ya Tell es-Sultan yaliingizwa katika orodha ya urithi wa dunia mwaka 2023. Tulipita haraka. Tulichokifuata kiko nyuma yake: ukuta wa mwamba unaosimama wima juu ya mji, na katikati ya ukuta huo monasteri ya Waorthodoksi wa Kigiriki imeng'ang'ania jiwe. Ndio mlima wa Majaribu.

Niseme mapema kwamba Injili hazitaji jina la mlima wowote. Ni mapokeo. Watawa walianza kukaa katika mapango haya karne za kwanza za kanisa, na majengo ya sasa ni ya mwishoni mwa karne ya 19. Sina ugomvi na mapokeo ilimradi mtu asiniuzie kama Maandiko.

Pia kuna gari la kamba linalopandisha watu kutoka mjini. Bwana alikuwa nyikani na njaa ya siku arobaini. Sisi tulikaa kwenye kibanda chekundu tukapiga picha. Mchungaji, ambaye magoti yake si ya kutania, ndiye aliyesisitiza tupande hilo, akasema toba ya magoti ataifanya kwa namna nyingine. Ngazi za mwisho, hata hivyo, ni za miguu, na jua lilitunyoosha.

Ndani ni korido nyembamba, taa za mafuta, mapango yaliyogeuzwa vyumba, na kikanisa kidogo ambamo huonyeshwa jiwe ambalo mapokeo yanasema Bwana alikaa. Lakini nilichokaa nacho mimi ni kibaraza. Toka pale unaona mashamba ya Yeriko, bonde la Yordani, Bahari ya Chumvi iking'aa upande wa kulia na milima ya Moabu ng'ambo. Na chini ya miguu yako, mawe. Mengi ni ya mviringo, ya rangi ya hudhurungi, na mtu mwenye njaa hahitaji Ibilisi kumwambia yanafanana na nini.

Jaribu la kwanza ndilo linalonisumbua kuliko mengine, kwa sababu halionekani kuwa dhambi. Mkate si haramu. Njaa si haramu. Uwezo wa kuyageuza mawe kuwa mikate si haramu pia, maana baadaye aliwalisha maelfu kwa mikate mitano. Kwa nini hapa akatae? Jibu lake limetoka Kumbukumbu la Torati 8:3, pale Musa anapowakumbusha Israeli kwamba Mungu aliwaacha waone njaa kwanza, kisha akawalisha mana, wapate kujua kwamba mtu haishi kwa mkate tu. Majibu yote matatu yametoka katika sura ya 6 na ya 8 ya kitabu hichohicho. Israeli walishindwa jangwani kwa miaka arobaini. Yeye anapita njia ileile, akiyashika maneno yaliyosemwa kwa walioshindwa. Mwana anangoja chakula kutoka kwa Baba, hajichukulii kwa njia ya mkato. Ndicho kilichokuwa kinapimwa, si tumbo.

Nikaifungua ile hati. Inasema vifaa vimepokelewa, vimekaguliwa, viko sawa kwa idadi na ubora. Hakuna hata kimoja kilichoingia ghalani. Nikamjibu kijana: "Marahaba. Nimeiona. Mzigo uko wapi sasa hivi?" Akajibu upo njiani, kaka, na kwamba sahihi isipopatikana fedha zitarudi na watu wanaosubiri vifaa watakosa. Hajanidanganya. Watakosa kweli. Vifaa ni vizuri na shida ya watu ni ya kweli. Uongo ni ule mstari mmoja tu unaosema "vimepokelewa".

Jumatano, bonde la Wadi Qelt

Leo tumetembea. Si njia yote ya kale kati ya Yerusalemu na Yeriko, ambayo ni kama kilomita 27 na mteremko wa mita 1,000 hivi. Tumechukua kipande tu cha juu ya korongo, kushuka hadi monasteri ya Mtakatifu George. Njia hii ndiyo ya mfano wa Msamaria mwema, na ukiiona huulizi tena wanyang'anyi walijificha wapi.

Monasteri ilianza katika karne ya 5. Mwaka 614 Waajemi walipopita waliiharibu na watawa wakauawa. Ilitengenezwa kwa muda katika karne ya 12, ikaachwa tena, hadi ilipoanza kujengwa upya mwaka 1878. Watu walikuja hapa kukimbia majaribu ya miji, wakayakuta yamewatangulia. Hilo walilikiri wenyewe. Evagrio, mtawa aliyefariki katika jangwa la Misri mwaka 399, aliorodhesha mawazo nane yanayomshambulia mtu akiwa peke yake: ulafi, uzinzi, tamaa ya mali, huzuni, hasira, uchovu wa roho, kupenda sifa, na kiburi. Kati ya hayo aliuogopa zaidi uchovu wa roho, akauita pepo wa adhuhuri. Unaanza saa nne asubuhi hivi, alisema. Jua linaonekana limesimama, mtawa anachungulia dirishani, anaanza kufikiri kwamba mahali pengine angemtumikia Mungu vizuri zaidi.

Saa sita tulikuwa kwenye mwamba usio na kivuli. Mama wa kwaya alikaa chini akasema hatoki hapo. Kijana mmoja wa kundi alitaka kurudi kwenye basi. Mimi sikuwaza dhambi yoyote kubwa; niliwaza tu, "Saini, yaishe." Hapo nikamwelewa Evagrio. Jua likiwa utosini mtu hahitaji kutamani uovu. Anatamani jambo liishe, na hilo linatosha kumfanyia kazi mjaribu.

Kuna kitu kingine kuhusu huyo mtawa, ambacho Mchungaji alikisimulia tukinywa maji. Kabla ya jangwa Evagrio alikuwa shemasi mwenye jina Konstantinopoli, akampenda mke wa mtu. Hakubaki kupambana pale. Alipanda chombo akaondoka mjini, akafika Yerusalemu. Tukaingia kwenye mabishano marefu njia nzima ya kurudi. Yakobo 4:7 anasema, "Mpingeni Shetani, naye atawakimbia." Paulo kwa Wakorintho anasema, "Ikimbieni zinaa." Sasa nani amkimbie nani? Yusufu katika Mwanzo 39 hakusimama kumkemea mke wa Potifa. Aliacha nguo akatoka nje. Bwana naye hakukimbia mlimani, alisimama akajibu.

Maoni yangu, na si wote waliokubali: yale yanayoshika mwili hukimbiwa, kwa sababu mwili haujui kubishana, na anayebaki kubishana nao ameshaanza kupoteza. Yale yanayokuja kama hoja hujibiwa, kwa sababu hoja ikikimbiwa inakufuata hadi kitandani. Na Paulo anaposema Mungu atafanya "mlango wa kutokea", mlango ni wa kutumiwa na miguu. Nimewajua watu waliouomba mlango huo kwa machozi huku wamekaa kwenye kiti kilekile, na yule mtu yuleyule, saa zilezile za usiku. Mchungaji aliongeza kwamba kwa mwenye simu siku hizi, Konstantinopoli iko mfukoni. Vijana wakatazama chini.

Hati yangu ni hoja, kwa hiyo haikimbiwi. Lazima ijibiwe.

Alhamisi, Yerusalemu, chini ya kona ya hekalu

Asubuhi tulikuwa kwenye magofu ya kusini-magharibi ya ukuta wa Herode. Mawe makubwa yaliyoporomoshwa na Warumi mwaka 70 bado yamelala kwenye barabara iliyopasuka kwa uzito wao. Hapa mwaka 1968 Benjamin Mazar alichimbua jiwe lenye maandishi ya Kiebrania yanayohusu mahali pa kupigia baragumu, lililokuwa juu kabisa ya kona. Wengine wanadhani kinara cha hekalu, ile ncha ya juu ambako Ibilisi alimwambia Bwana ajitupe chini, kilikuwa hapa, wengine wanasema kona ya kusini-mashariki, juu ya bonde la Kidroni, ambako Yosefo, mwanahistoria Myahudi wa karne ya 1, aliandika kwamba aliyetazama chini toka juu ya ukumbi alishikwa na kizunguzungu. Sikuona haja ya kuchagua. Kote ungeanguka vya kutosha.

Hapa Ibilisi anabadili mbinu. Amejibiwa kwa Maandiko, basi naye analeta Maandiko. Tulifungua Zaburi 91 pembeni ya Mathayo 4 na kulinganisha neno kwa neno. Zaburi inasema, "Kwa kuwa atakuagizia malaika zake wakulinde katika njia zako zote." Ibilisi anaruka ile sehemu ya "katika njia zako zote". Kuruka kutoka kwenye paa si njia ya mtu. Kisha anasimama mstari wa 12. Mstari wa 13 unasema, "Utawakanyaga simba na nyoka, mwana-simba na joka utawaseta kwa miguu." Sishangai hakutaka kuendelea kusoma.

Jambo ambalo sikulijua ni habari ya Yakobo, ndugu wa Bwana. Eusebio, aliyeandika historia ya kanisa katika karne ya 4, amehifadhi simulizi ya zamani kwamba wakuu walimsimamisha Yakobo juu ya kinara cha hekalu wakitaka awageuze watu wasimwamini Yesu. Akamkiri kwa sauti kuu. Wakamsukuma chini, wakampiga mawe. Malaika hawakumdaka. Kama simulizi hiyo ni sahihi, mahali pale pamoja mmoja alikataa kujitupa ili aonekane, na mwingine alitupwa kwa sababu hakukana. Zaburi 91 ilikuwa kweli siku zote mbili, na mtu anayehubiri zaburi hiyo kama bima ya ajali ana kazi ya kumweleza Yakobo.

Mchana kijana akaandika tena, safari hii kwa maandishi marefu. Mkurugenzi amekubali, anasema. "Na wewe kaka ndiye ulitufundisha Warumi 13, kila mtu na aitii mamlaka iliyo kuu. Mungu anaujua moyo wako." Nilicheka peke yangu katikati ya mahujaji hadi mlinzi akanitazama. Simlaumu. Naye ana mkuu wake, na ana mkataba wa kuhuishwa.

Jioni nikajibu wote wawili, yeye na mkurugenzi, katika barua moja: sitasaini kupokea kitu ambacho hakijapokelewa, naomba muuzaji aandike barua ya kuchelewa, naomba tuulizie utaratibu wa kuhamisha fedha za malipo ambayo hayajakamilika, siku mzigo ukiingia nitausaini siku hiyohiyo hata kama ni usiku. Sikuweka aya yoyote ya Biblia. Nilijisikia mwepesi, nikalala kabla ya ibada ya jioni kwisha.

Ijumaa, Gethsemane na Gallicantu

Bustani ni ndogo kuliko picha zake. Mizeituni minane mikubwa imezungushiwa uzio. Vipimo vilivyotangazwa mwaka 2012 vilionyesha mashina ya mitatu kati yake ni ya karne ya 12, kwa hiyo si miti iliyoshuhudia usiku ule, ingawa waongozaji hawapendi kulisema. Kanisa la Mataifa Yote pembeni lilikamilika mwaka 1924, na msanifu wake, Antonio Barluzzi, aliweka madirisha ya rangi ya zambarau ili ndani kubaki kama usiku hata saa nne asubuhi. Unaingia toka juani na huoni kitu. Mbele ya madhabahu kuna mwamba, na watu wanapiga magoti kuuzunguka.

"Kesheni, mwombe, msije mkaingia majaribuni." Petro alilala. Kisha aliamka na upanga. Huo ndio upande wa Petro ambao sisi tunausahau: mbele ya kikosi chenye silaha hakuogopa. Angekufa pale bustanini akiwa shujaa, na nadhani alikuwa tayari.

Toka hapo tukavuka bonde hadi upande wa mashariki wa mlima Sayuni, kwenye kanisa la Mtakatifu Petro wa Gallicantu, lenye jogoo wa dhahabu juu ya paa. Mapokeo yanaiweka hapa nyumba ya Kayafa, kuhani mkuu, ambako Petro alimkana Bwana. Kando yake kuna ngazi za kale za mawe zinazoshuka bondeni. Tulikaa juu yake tukasoma Luka 22. Hakuna upanga tena. Kuna moto uani, baridi, watumishi wanaota, na kijakazi anayemtazama mtu usoni. "Ee mwanamke, simjui." Aliyesimama mbele ya askari ameangushwa na neno la kijakazi, na neno lenyewe halikuwa hata na hukumu ndani yake. Alijiandaa kwa jaribu kubwa; lililokuja lilikuwa dogo.

Tukiwa kwenye ngazi hizo mkurugenzi akapiga simu. Nikasogea pembeni kupokea. Hakunikaripia. Aliongea kwa upole, kama mtu mwenye haki ya kuchoka: "Basi usisaini, mzee, tumeelewa, mwenzako atakaimu na kusaini. Ila wakaguzi wakija, wewe sema tu ulikuwa safarini, mtandao ulisumbua, hukuiona hati. Hatukuombi zaidi ya hapo."

Jana nilijiona nimemaliza. Luka, baada ya jaribu la mwisho, hasemi Ibilisi alishindwa akatokomea. Anasema "akamwacha akaenda zake kwa muda." Kwangu muda wenyewe ulikuwa usiku mmoja.

Na jambo lenyewe lilikuwa dogo kweli. Hakuna karatasi, hakuna sahihi, ni sentensi moja ya kusema sikujua. Nikamwambia, "Mzee, niliisoma hati Jumanne, na barua yangu ya jana inaonyesha nimeiona. Wakiniuliza nitawaambia nilichoandika. Na huyo kijana naomba asikaimishwe kwa hili." Akakaa kimya. Akasema tutaongea ukirudi, akakata.

Sikurudi kwa wenzangu mara moja. Mikono ilikuwa inatetemeka, na wala haikuwa kwa ushindi. Ni hesabu tu za ada za shule na kodi zilizokuwa zinapita kichwani. Mchungaji aliniona, akaja na Biblia yake, hakuuliza. Alisoma mstari wa 31 na 32 wa sura ileile, kabla ya kukana: "Shetani amewataka ninyi apate kuwapepeta kama vile ngano, lakini nimekuombea wewe ili imani yako isitindike." Aliombewa kabla ya neno la kijakazi, akasema, na maombi yale hayakumwondolea neno hilo. Kisha akanipa maji.

Jumamosi, uwanja wa ndege

Kijana ameandika alfajiri. Hakusaini, alisema hati ina jina langu na yeye hana mamlaka, jambo ambalo ni kweli kwa mujibu wa taratibu zetu. Ana hofu ya mkataba wake. Nimemwambia nitakuwa naye kwenye kikao. Kikao ni Jumatatu saa tatu.

Mama wa kwaya amenunua mafuta ya zeituni kupita uzito unaoruhusiwa na sasa anagawa chupa kwa watu wote wa foleni. Mchungaji amenishauri niingie kwenye kikao hicho na nyaraka, mahubiri niyaache nyumbani. Kwa hiyo nimeanza orodha nyuma ya tiketi: nakala ya agizo la ununuzi, barua ya muuzaji kama itakuwa imefika, kurasa za daftari la ghala za wiki hii, na barua yangu ya Alhamisi yenye saa iliyotumwa. Daftari la ghala nitaliomba mwenyewe Jumatatu asubuhi kabla ya saa mbili.